Mwili Hukumbuka, Mwenyewe Husahau



Leo nataka tuzungumze juu ya kovu. Kovu lenyewe ni dogo, halizidi mbegu ya boga, nalo liko juu ya mkono wangu, karibu na bega. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa kinyozi wangu, kijana mmoja mwenye mkono mwepesi na maneno mengi. Joto la Dar es Salaam mnalijua wenyewe. Nikavua shati, nikabaki na singlendi. Yule kijana akaliona kovu, akaniuliza kwa adabu: "Mzee, hapa uliungua?" Nikamjibu: "La, mwanangu, hapa nilichanjwa ndui." Akazima mashine yake, akanitazama kwenye kioo, akasema: "Ndui ndiyo nini?"

Nilitaka kucheka, kisha nikaona kwamba si jambo la kucheka. Kijana yule ana miaka ishirini na minane, amesoma hadi kidato cha nne, na tena ni baba wa mtoto mmoja. Neno ambalo lilimfanya bibi yangu ateremshe sauti kila alipolitamka, yeye hajapata kulisikia. Kutolijua kwake ni ushindi mkubwa kupita ushindi mwingi wa vita tunaosimuliwa vitabuni. Lakini ndani ya ushindi huo mna hatari yake, na hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo.

Nianze na bibi yangu, mzaa mama, ambaye alikuwa mtu wa Muheza. Uso wake ulikuwa na vishimo vingi vidogo vidogo, kama vumbi la uani lililopigwa na matone ya kwanza ya mvua. Ndui ilimpata akiwa msichana, ikamwacha hai lakini ikamwachia alama. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari ni mama wa watoto, ndui ikarudi katika vijiji vile. Wagonjwa wakajengewa kibanda mbali na nyumba za watu, na hakuna aliyethubutu kukikaribia, hata ndugu wa damu. Ndipo wakaitwa watu wenye nyuso kama ya bibi yangu. Wao ndio walioingia na uji na maji, wao ndio waliowaosha wagonjwa, na wao ndio waliowazika waliokufa. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza: "Bibi, hukuogopa?" Akanijibu: "Niogope nini? Mimi na ndui tumeshajuana."

Bibi yangu hakujua kusoma wala kuandika. Lakini jambo alilolisema kwa maneno hayo machache lilikwisha kuandikwa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, katika mji wa Athens nchini Ugiriki. Mwaka 430 kabla ya Kristo mji huo ulipatwa na ugonjwa wa kuambukiza uliowaua watu kwa maelfu. Mwandishi wa historia aitwaye Thucydides, ambaye yeye mwenyewe aliugua akapona, alieleza kwamba waliowahurumia na kuwauguza wagonjwa zaidi ya wengine wote ni wale waliokwisha kuugua wakapona, kwa kuwa ugonjwa haukumrudia mtu yule yule mara ya pili kwa namna ya kumwua. Waathene wale na bibi yangu hawakujua lolote juu ya virusi wala bakteria. Walichokuwa nacho ni macho, nayo yaliwaonyesha kwamba mwili wa mtu ukikutana na adui ukamshinda, hausahau.

Je, hausahau kwa muda gani? Swali hilo lilipata jibu zuri katika visiwa vya Faroe, ambavyo viko chini ya Denmark, katikati ya bahari ya baridi kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1846 surua iliingia huko. Visiwa vilikuwa na watu 7,782, na katika muda wa miezi sita hivi zaidi ya watu 6,000 walilala kitandani, wakubwa kwa wadogo. Serikali ya Denmark ikamtuma daktari kijana wa miaka 25, jina lake Peter Ludvig Panum. Panum akapita nyumba hadi nyumba, na akagundua jambo la ajabu. Surua ilikuwa imeingia visiwani humo mara ya mwisho mwaka 1781, yaani miaka 65 nyuma, na katikati hapo haikuonekana tena. Wazee walioiugua utotoni mwaka ule wa 1781 hawakuguswa hata mmoja. Wazee wenzao ambao ile ya kwanza iliwapita, safari hii walilala kama watoto wadogo.

Hebu fikiri, ndugu msikilizaji. Miaka 65! Wazee wale walikuwa wamesahau hata majina ya watoto waliocheza nao. Lakini ndani ya miili yao kulikuwa na kumbukumbu ya surua ya siku chache za utotoni, nayo ilikuwa hai kama jana.

Sasa tuulize: mwili hukumbuka kwa kitu gani?

Kwanza tujue kwamba mwili hauanzi kwa kukumbuka, bali huanza kwa kufunga milango. Ngozi ni ukuta. Kamasi tunazozionea kinyaa hunasa vijidudu puani na kooni, na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho huvisukuma nje. Tindikali ya tumboni huviunguza vingi tunavyovimeza. Hata machozi yana kazi. Mwaka 1922 Alexander Fleming, yule yule ambaye baadaye aligundua penisilini, alieleza jinsi kitu kilichomo katika kamasi na machozi kinavyoweza kuyeyusha baadhi ya bakteria, na kamasi za kwanza alizozipima zilikuwa za mtu mwenye mafua.

Lakini ukuta hutobolewa. Mwiba ukikuchoma mguuni, ukuta umepasuka. Ni mwiba huo huo uliompa jibu Mrusi mmoja, Elie Metchnikoff, mwaka 1882, alipokuwa akiishi Messina, katika kisiwa cha Sicily nchini Italia. Alikuwa akichunguza watoto wa kiti cha pwani, mnyama yule wa baharini mwenye umbo la nyota. Watoto hao ni angavu kama kioo, hata unaweza kuona ndani yao. Akawachoma vijiba vidogo vya mti, kisha akasubiri usiku kucha. Asubuhi akakuta chembe hai zimetembea zenyewe na kukizunguka kila kijiba, kama watu wanaomzingira mwizi. Akaelewa kwamba na sisi ndani ya damu yetu tunazo chembe za namna hiyo, yaani chembechembe nyeupe, ambazo humkimbilia mgeni na kummeza. Usaha unaoutoa kwenye kidonda, sehemu yake kubwa ni maiti za chembechembe hizo zilizokufa kazini.

Miaka minane baadaye, mwaka 1890, Mjerumani Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato, wakiwa Berlin, walionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Walimzoesha mnyama sumu ya pepopunda kidogo kidogo, kisha wakachukua maji ya damu yake na kumtia mnyama mwingine. Yule wa pili akaistahimili sumu ambayo ingemwua. Maana yake ni kwamba ndani ya yale maji ya damu kulikuwa na kitu kilichotengenezwa na mwili kwa ajili ya adui yule. Kitu hicho leo tunakiita kingamwili.

Wataalamu wakagombana miaka mingi. Hawa wakasema kinga ni chembe, wale wakasema kinga ni maji ya damu. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel ikagawanywa kati ya Metchnikoff, wa upande wa chembe, na Paul Ehrlich, wa upande wa maji ya damu, na baada ya muda ikadhihirika kwamba wote walikuwa na haki. Kati ya chembechembe nyeupe zimo zinazomeza ovyo kila mgeni, na zimo nyingine zilizo hodari zaidi ambazo kila moja inamtambua adui mmoja tu, kama ufunguo unavyolijua kufuli lake. Adui mpya akiingia, mwili hupekua funguo zake zote mpaka uupate ule unaomfaa, kisha hutengeneza nakala zake kwa mamilioni. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, wiki moja hata mbili, na katika siku hizo ndipo mgonjwa hupona au hufa. Vita vikiisha, chembe nyingi katika zile hufa, lakini chache hubaki. Hizo ndizo wazee wa kumbukumbu. Adui yule yule akirudi, hata baada ya miaka 65, hazihitaji kupekua tena. Humtambua mlangoni, na mara nyingi mwenye mwili hajui hata kwamba alitembelewa.

Ndiyo maana bibi yangu aliingia kibandani na kutoka salama.

Hapa sina budi kutaja jambo moja ambalo kizazi chetu tulilijifunza kwa uchungu. Zamani neno kinga kwa wengi wetu lilikuwa la kuzuia mvua au kukinga maji kwenye ndoo. Likaja kuwa neno la kila nyumba kwa sababu ya ugonjwa ambao jina lake lenyewe ni maelezo: Upungufu wa Kinga Mwilini, yaani UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza katika nchi yetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Virusi vyake havishambulii mapafu wala ini kwanza. Vinawashambulia wale viongozi wa chembechembe nyeupe wanaotoa amri kwa wengine. Tukawaona ndugu zetu wakiondolewa na magonjwa ambayo kila siku miili yetu inayashinda bila sisi kujua. Kabla ya dawa za kupunguza makali kufika, tulifundishwa thamani ya kinga kwa kuona mwili usio nayo.

Turudi kwenye ndui. Ikiwa mwili unakumbuka ugonjwa ulioupata, je, haiwezekani kuupa kumbukumbu bila kuupitisha katika mauti? Wa kwanza kujibu swali hilo hawakuwa madaktari wenye vyeti. Katika Uchina, India, nchi za Waturuki na sehemu kadhaa za Afrika, watu walikuwa na desturi ya kuchukua usaha au gamba la kipele cha mgonjwa wa ndui nyepesi, na kumtia mtu mzima wa afya kwa kumchanja ngozi au kwa njia ya pua. Mtu huyo aliugua kidogo, akapona, na ndui haikumrudia.

Na hapa kuna kisa ambacho kila Mwafrika anapaswa kukijua. Mwaka 1706, katika mji wa Boston huko Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza, waumini wa kanisa moja walimpa mchungaji wao, Cotton Mather, zawadi ya mtu. Naam, zawadi ya mtu: mtumwa kutoka Afrika, ambaye Mather alimpa jina la Onesimus. Siku moja Mather alimwuliza kama amewahi kuugua ndui. Onesimus akamjibu ndiyo na hapana. Kisha akamwonyesha kovu mkononi mwake, akamweleza jinsi watu wa kwao walivyomchanja na jinsi ilivyo desturi yao. Mather akaandika habari hiyo katika barua kwa wanachuoni wa London mwaka 1716.

Mwaka 1721 ndui ikaingia Boston kwa meli. Mji wenye watu kama 11,000 ukapata wagonjwa 5,889, na 844 wakafa. Mather akawasihi madaktari wajaribu njia ya Onesimus. Daktari mmoja tu, Zabdiel Boylston, ndiye aliyekubali, naye akaanza na mtoto wake mwenyewe wa kiume na watumwa wawili wa nyumbani mwake. Mji ukachafuka. Wapo waliosema ni dhambi, wapo waliosema ni sumu, na wapo waliocheka kwamba watu wastaarabu wanafundishwa utabibu na mtumwa mweusi. Usiku mmoja bomu likatupwa dirishani mwa Mather, ila kwa bahati halikulipuka. Lakini hesabu haina upendeleo. Katika watu zaidi ya 240 waliochanjwa walikufa 6, yaani kama wawili au watatu katika kila mia. Katika walioambukizwa kwa njia ya kawaida walikufa 14 katika kila mia.

Ni kweli kwamba njia hiyo ilikuwa na hatari, kwa sababu aliyechanjwa alitiwa ndui yenyewe na aliweza kuwaambukiza wengine. Hatua iliyofuata ilitoka zizini. Wakulima wa Uingereza walijua kwamba wakamuaji wa maziwa walioambukizwa ndui ya ng'ombe mikononi, ugonjwa mdogo usioua, hawapatwi na ndui ya watu. Mwaka 1774 mkulima mmoja, Benjamin Jesty, alimchanja mkewe na wanawe wawili kwa ndui hiyo ya ng'ombe. Na tarehe 14 Mei 1796 Dakta Edward Jenner alifanya vivyo hivyo kwa mtoto wa miaka minane, James Phipps, kisha baadaye akamtia ndui yenyewe ili ajaribu. Mtoto hakuugua. Leo hakuna daktari ambaye angeruhusiwa kumjaribia mtoto wa watu namna hiyo, na ni vyema hivyo. Lakini Jenner aliandika alichokiona, akakichapisha mwaka 1798, na habari ikaenea duniani.

Tazameni jinsi lugha inavyotunza historia. Wazungu katika neno lao la chanjo walimweka ng'ombe, kwa Kilatini. Sisi katika neno letu tuliweka wembe: chanjo imetokana na kuchanja, na kuchanja tulikujua tangu kwa wahenga.

Mimi nilichanjwa nikiwa darasa la pili. Tulipangwa mstari chini ya mwembe wa shule, tukavua mashati. Sindano yenyewe ilikuwa fupi, yenye ncha mbili kama uma mdogo, na mchanjaji aliidonoa ngozi haraka haraka mara nyingi mahali pamoja. Waliokuwa mbele walijitia ushujaa, na sisi wa nyuma tukaanza kulia kabla ya kufikiwa. Bibi aliponiona jioni na mkono umevimba, hakunipa pole. Alilitazama lile jeraha kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye shavu lake mwenyewe, akasema: "Moja tu? Wewe umetozwa rahisi."

Kwa kovu moja moja namna hiyo, mkono kwa mkono, ndui ikafukuzwa duniani. Ugonjwa ambao katika karne ya 20 peke yake unakadiriwa kuwaua watu milioni 300 ulipata mgonjwa wake wa mwisho wa kuambukizwa kwa njia ya kawaida huku huku Afrika ya Mashariki, katika mji wa Merca nchini Somalia. Jina lake Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali. Tarehe 12 Oktoba 1977 gari lililobeba wagonjwa wawili wa ndui lilipita hospitalini kuulizia njia. Maalin akapanda kuwaelekeza, mwendo wa dakika chache tu. Yeye alikuwa hajachanjwa, kwa sababu alikuwa ameona chanjo inavyouma mkono na akaikwepa. Dakika zile chache zilitosha. Alipougua, watu zaidi ya 50,000 wa eneo lile walichanjwa katika muda wa wiki mbili hivi, na ndui ikakosa pa kwenda. Maalin akapona. Mwaka uliofuata ndui ilitoroka katika maabara moja mjini Birmingham, Uingereza, ikamwua mama mmoja, na huo ukawa mwisho. Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likautangazia ulimwengu kwamba ndui haipo tena.

Kisa cha Maalin hakikuishia hapo. Baadaye alijitolea katika kampeni za kutokomeza polio nchini mwake. Alikwenda kwa wazazi waliosita na kuwaeleza habari zake mwenyewe, jinsi alivyokwepa chanjo na kilichompata. Mwaka 2013 polio iliporudi Somalia alikuwa kazini tena, na katika kazi hiyo malaria ikamwua. Aliyekwepa sindano moja alimaliza maisha yake akiwashawishi wenziwe wasiikwepe.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikose usingizi baada ya kutoka kwa kinyozi.

Nilipomweleza yule kijana habari za ndui alisikiliza kwa makini, akasema: "Kumbe chanjo ni jambo kubwa." Nikamwuliza mtoto wake ana umri gani. Akasema anakaribia miaka miwili. Nikamwuliza kama amemaliza chanjo zake. Akajibu bila wasiwasi kwamba ile ya surua ya miezi tisa alipata, ila ile ya miezi kumi na minane mama yake hajampeleka, kwa sababu foleni kliniki ni ndefu, mtoto mwenyewe ni mzima, na surua siku hizi haipo.

Ndugu msikilizaji, mimi nilikuwa na mdogo wangu. Mwaka 1966 surua iliingia kijijini kwetu, na sisi wawili tukalala chumba kimoja kilichotiwa giza kwa kanga zilizotundikwa dirishani, maana macho yalikuwa hayavumilii mwanga. Mimi nilikuwa na miaka sita, yeye miwili. Wote tukapona. Ngozi ikapukutika, hamu ya uji ikarudi, mama akafagia chumba, majirani wakaja kutupa hongera. Wiki sita baadaye mdogo wangu akaanza kuharisha, kisha kifua kikambana, na siku ya nne tukamzika. Mganga wa zahanati alisema kwamba huo ulikuwa ugonjwa mwingine, hauhusiani na surua. Bibi hakubishana naye. Tulipofika nyumbani alisema tu: "Surua ikitoka haifungi mlango."

Maneno hayo nimeishi nayo miaka mingi bila kuyaelewa. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa. Wataalamu walikuwa wamechukua damu yao kabla hawajapata surua, na wakaichukua tena baada ya kupona. Walikuta kwamba surua ilikuwa imefuta sehemu ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Watoto wengine walipoteza asilimia 11 tu, wengine hadi asilimia 73. Yaani surua huingia katika ghala la kumbukumbu za mwili na kulichoma moto. Mtoto hupona surua na kuikumbuka surua maisha yake yote, kama wale wazee wa Faroe, lakini mengi aliyokwisha kujifunza kuhusu vijidudu vingine anaweza kuyasahau, na inamlazimu kuanza upya kama mtoto mchanga. Kwa watoto waliopata chanjo hasara hiyo haikuonekana, kwa maana chanjo hufundisha bila kufuta.

Basi bibi alikuwa ameona sawasawa. Mlango ulibaki wazi.

Chanjo ya surua ilikuwepo duniani tangu mwaka 1963. Mdogo wangu alikufa mwaka 1966, nayo ilikuwa haijafika kijijini kwetu. Simlaumu mtu kwa hilo. Lakini leo chanjo hiyo ipo kwenye jokofu la kliniki, bila malipo, umbali wa nauli moja ya daladala kutoka kwenye kile kiti cha kinyozi. Bado mwaka 2023 surua ilikadiriwa kuua watu 107,500 duniani, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano.

Wengine watasema: mwanangu nimemchanja, ya jirani hayanihusu. La hasha. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na ili isipate njia yahitajika watu 95 katika kila mia wawe wamekingwa. Yuko mtoto wa miezi mitano ambaye siku yake ya chanjo haijafika. Yuko mgonjwa ambaye kinga yake ni dhaifu. Ukuta wao ni sisi tuliowazunguka. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Najua kinga ya methali hiyo ni kile kijinga cha moto, lakini mniruhusu niiazime: katika mambo ya maradhi, kinga na kinga ndipo moto uzimikapo.

Mwili wa binadamu una kumbukumbu nzuri kuliko mwenye mwili. Wenyewe hautahitaji kuandikiwa. Sisi ndio tunaosahau. Bibi yangu aliikumbuka ndui kila alipojitazama kwenye kioo. Mimi naikumbuka kwa kovu moja, nalo linakaribia kufifia. Kinyozi wangu hana hata hilo, kwa sababu kovu alilo nalo ni la chanjo ya kifua kikuu. Hana cha kumkumbusha, isipokuwa tumweleze.

Jumatano nilipita tena pale kibandani, ingawa nywele zilikuwa bado fupi. Nilimkuta mwenzake peke yake. Nikamwuliza yule kijana yuko wapi. Akaniambia: "Shikamoo mzee. Leo atachelewa, amempeleka mtoto kliniki, na foleni ni ndefu." Nikamwambia sina haraka, nikavuta benchi, nikakaa kumsubiri.